Maneno ya Mlangoni

Asubuhi niliyoripoti kazini, Mama Muhuri alikuwa anazungusha tarehe. Alikuwa ameshika muhuri wa mpira wenye mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa, na kwa ukucha wa kidole gumba alikuwa anasogeza vigurudumu vitatu vidogo: siku, mwezi, mwaka. Akaugonga kwenye karatasi chakavu, akautazama, akaupuliza wino. Ndipo aliponiona nimesimama mlangoni na bahasha yangu ya barua ya ajira.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Sasa hivi tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia basi, mlango huu haung'ati."

Kwa kweli nilikuwa nimesimama dakika kumi, nikipanga sentensi ya kujitambulisha.

Hiyo ilikuwa ofisi ya habari ya mamlaka ya maji, chumba cha mwisho kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza, chenye dirisha linalotazama ua uliorundikwa mabomba. Meza mbili, printa moja yenye kikohozi, na kabati la chuma lililochukua ukuta mzima. Mama Muhuri alikuwa ameandika taarifa za mamlaka kwa vyombo vya habari kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya mishahara tu. Hakuna karatasi iliyowahi kutoka kwenye jengo lile bila kupita mkononi mwake kugongwa tarehe, hata za mkurugenzi mwenyewe. Dereva wa ofisi alikuwa akisema hata wanawe aliwagonga muhuri kwanza ndipo wakaenda shule.

"Na walifaulu," alikuwa akimjibu. "Wewe hukugongwa, ona ulivyo."

Mimi nililetwa kubadilisha uandishi wake. Meneja wetu, kijana mwenye miwani mikubwa kuliko uso wake, hakutuficha jambo hilo. Alisimama katikati ya meza zetu mbili akatuambia sote kwa pamoja.

"Mama, watu wako kwenye simu. Sisi bado tuko kwenye bahasha. Huyu binti amesomea mambo haya chuo kikuu. Mna miezi mitatu. Taarifa zikianza kusomwa, vizuri. Zisiposomwa, kazi hii inakwenda kwa kampuni ya matangazo."

"Na mimi ninakwenda wapi?"

Meneja alitazama viatu vyake. "Masjala. Ni miaka miwili tu mpaka ustaafu, mama."

Masjala ilikuwa chini kabisa, chini hata ya maegesho, mahali ambapo mafaili hupelekwa yakishachoka. Meneja alipotoka, Mama Muhuri alikunja kitambaa chake cha kufutia wino, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kule hakuna dirisha," alisema. Hakurudia tena.

Nilianza kwa kuangalia hali ilivyo. Taarifa ya mwisho ilikuwa barua ya ukurasa mmoja na nusu. Juu nembo, kisha namba ya kumbukumbu, kisha "Mamlaka inapenda kuutaarifu umma kwa ujumla na wateja wake wote kuwa, kufuatia zoezi endelevu la maboresho ya miundombinu," na sentensi hiyo iliendelea mpaka ikasahau ilikotoka. Kwamba valvu itafungwa na mitaa mitatu itakosa maji, hilo lilikuwa aya ya nne. Barua ikasainiwa, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa, ikawekwa kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni kama picha. Kwenye simu maandishi yalikuwa kama sisimizi walioandamana. Ilikuwa imesomwa na watu sitini na mmoja.

"Na kumi kati yao ni sisi wenyewe," alisema dereva. "Mimi niliifungua mara mbili kwa bahati mbaya."

Nilijiamini, kwa siri, maana tasnifu yangu ilikuwa juu ya mambo hayo hayo: kichwa cha habari kiwe kifupi, jambo kuu litangulie, picha ivute jicho. Nikaiandika upya ile taarifa ya valvu. Nikaweka picha ya mwanamke anayetabasamu akiwa na bilauri ya maji. Kichwa nikakiita "Tunaboresha Huduma kwa Ajili Yako". Mama Muhuri alivaa miwani, akasoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akaivua miwani.

"Msomi."

"Naam, mama."

"Sasa maji yapo au hayapo?"

Nilijisikia uso unawaka. Nilirudi mezani, na kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikaomba nisome taarifa za zamani. Aliinuka, akafungua kabati la chuma kwa ufunguo aliouvaa shingoni. "Usinichanganyie miaka," alisema, akaenda zake kupata chai.

Nilitoa faili la kwanza nikakaa nalo sakafuni. Zilikuwa nakala za barua zilezile ndefu, zilizorudi kutoka vyumba vya habari, na kila moja ilikuwa imechanjwa kwa wino mwekundu. Mhariri fulani alikuwa amekata aya tatu za mwanzo kwa mstari mmoja wa mshazari. Mwingine alizungushia duara sentensi moja tu, kule chini. Nikageuza ukurasa kuangalia kama wino umevuja, na nyuma nikakuta sentensi mbili kwa penseli, kwa mwandiko mdogo ulioinama, na pembeni yake muhuri wa tarehe.

"Bomba kubwa limepasuka karibu na soko, mafundi wapo. Yatarudi jioni na rangi ya kutu. Yaacheni yatiririke kwanza."

Nikageuza ya pili. "Leo msinywe ya bomba bila kuchemsha. Hata ya kusukutulia."

Ya tatu. "Anayebisha hodi akisema katoka kwetu, na hana kitambulisho, si wetu. Msimfungulie."

Ya nne. "Kisima cha shule kimepona. Watoto wanywe."

Zote zilikuwa hivyo, kabati zima. Mbele barua, nyuma penseli na tarehe. Kuna moja ambayo mbele iliandikwa, "Mamlaka inapenda kutoa ufafanuzi kuhusu taarifa yake ya awali." Nyuma: "Tumekosea. Tulisema saa nne, ni saa kumi. Mtusamehe." Nilihisi nywele zikinisimama mikononi. Nilikuwa nimekaa chuo miaka minne nikitafuta jinsi ya kuandika hivyo, na hapa kulikuwa na miaka ishirini na tisa yake, imefungiwa ndani ya chuma, kwa penseli.

Mama Muhuri aliporudi na vikombe viwili, alinikuta nimezungukwa na mwaka mzima.

"Mama, hizi za nyuma ni nini?"

"Ah, hizo? Hizo ni maneno ya mlangoni."

Alikaa, akapuliza chai, akaniambia. Zamani hakukuwa na mtandao wala nini. Taarifa ilikuwa na miguu, na miguu ilikuwa yake. Kulikuwa na vyumba vya habari kumi na kimoja, na alivizunguka vyote kwa siku moja akiwa na bahasha kumi na moja. Kila mlango ulikuwa na mlinzi, au dada wa mapokezi, na kila mmoja aliuliza lilelile: "Mama, leo kuna nini?"

"Sasa mlinzi umwambie 'kufuatia zoezi endelevu'? Amesimama juani tangu asubuhi. Unamwambia kwa pumzi moja. Akikunja uso, ujue hujasema kitu. Akitoa simu kumpigia mkewe kabla hata hujapita getini, umesema."

"Kwa hiyo ulikuwa unaandika uliyomwambia?"

"Niliyomwambia wa mwisho. Mlango wa kwanza huwa ninaboronga. Kufika wa saba, limenyooka. Wa kumi na moja ndilo ninaloliandika, nisije nikalisahau."

"Mbona nyuma?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini kiatu huvaliwa mguuni. "Mbele pana saini ya mkurugenzi. Ningeandika wapi?"

Wiki iliyofuata, siku ya Jumatano, ilikuja taarifa ya kuosha tangi kubwa. Barua ikaandikwa, kwa kuwa wakubwa waliitaka. Nikaiweka pembeni, nikageuza kiti kumwelekea Mama Muhuri, nikajikaza. Mimi ni mtu ambaye hata kuomba chumvi mezani hujipanga.

"Mama," nikasema, "leo kuna nini?"

Alicheka. Kisha akataka kujibu, akashindwa. Akasimama, akavuta gauni lake, akashika mkoba wake begani kama aliyetoka mbali, na hapo maneno yakaja.

"Kesho maji hayatatoka mji mzima, asubuhi mpaka jioni. Tunaosha tangi kubwa. Jazeni ndoo leo."

Nikayaandika kwa herufi kubwa nyeupe juu ya bluu, nikaweka nembo chini, nikaiachia saa nne asubuhi.

Kwenye ukurasa wetu kuna kinamba kidogo kinachoonyesha waliosoma. Mama Muhuri alivuta kiti akakaa karibu yangu kukitazama. Mia tatu. Tukanywa chai: elfu mbili. Saa sita, elfu kumi na tisa. Kila mara namba ilipobadilika alikigusa kioo kwa kidole, kama anayehakiki kwamba haijabandikwa.

"Hawa wote wako mlangoni?"

"Wote, mama."

"Na mimi nimesimama peke yangu?" Aliweka mkono kifuani. Saa kumi, tulipofunga, walikuwa elfu arobaini na moja. Alizima taa, akafungua tena mlango, akachungulia ile kompyuta iliyozimwa, akafunga.

Tangi likaoshwa Alhamisi. Jioni maji yakarudi. Meneja alipita ofisini akatupigia makofi peke yake. Ijumaa nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimenyoosha mgongo.

Jumapili nilikwenda kwa mama yangu, nikamkuta amejaza ndoo saba. Amejaza beseni, sufuria zote, jagi, na chupa ya chai. Alikuwa anatafuta kifuniko cha kitu ambacho, nilipokisogelea, kilikuwa kapu la nguo la plastiki lililozibwa matundu kwa mfuko.

"Mama, kuna nini?"

"Kesho maji hayatatoka. Unafanya kazi hapohapo na hata hutuambii! Bora mama yako mdogo, yeye kaituma asubuhi."

Alinipa simu. Ilikuwa ni ile yangu. Nyeupe juu ya bluu.

"Mama, hii ni ya Jumatano!"

"Wapi pameandikwa Jumatano?"

Nilitazama. Hapakuandikwa popote. Ilikuwa imeandikwa kesho.

"Na jana je, mlijaza?"

"Jana tulijaza, juzi tulijaza. Yakatoka. Tukasema tushukuru, wameahirisha." Akanitazama vizuri. "Mbona umepauka hivyo? Kaa chini. Usikalie hiyo, ina maji."

Picha ile ilikuwa imetoka kwenye ukurasa wetu ikaingia kwenye makundi ya familia, ya majirani, ya wazazi wa shule, na kila ilipofika ilifika mbichi. Kila asubuhi kuna mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza. Kesho yetu ilikuwa imekataa kwisha.

Jumatatu simu ya ofisi ilikuwa inalia kabla hatujafungua mlango. Mji mzima ulikuwa umejaza ndoo jioni nne mfululizo, tangi likashuka, na mitaa ya mlimani ilikuwa imekauka tangu alfajiri. Tulikuwa tumesema maji hayatatoka, na sasa kweli hayakutoka.

Meneja aliingia na barua mkononi, imekunjwa mara tatu. Hakuketi.

"Ninaipeleka kwa mkurugenzi saa nane. Tuwape hao wa matangazo. Mama, nisamehe, lakini wao wangeweka tarehe."

Mama Muhuri hakujitetea. Alifuta muhuri wake kwa kitambaa, akauviringisha ndani yake, akaufungulia mkoba. Niliuona ule mpini wa mbao unaingia taratibu kati ya mwavuli na kanga, na nadhani hicho ndicho kilichonifungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Ni mimi niliyekosea. Yeye aliyasema amesimama mlangoni. Mlangoni mtu akikuambia kesho, unajua ni kesho ipi. Mimi ndiye niliyeyatoa mlangoni."

"Binti, sasa hivi si wakati wa..."

"Tazama." Nilikuwa nimeshafungua kabati, nikamwaga faili mezani kwa Mama Muhuri, migongo juu. "Tazama hapa. Na hapa. Kila alichoandika kwa penseli kina tarehe pembeni. Hata hiki, ambacho hakuna mtu angekisoma. Anagonga pande zote mbili. Niliziona wiki nzima nikadhani ni mazoea tu ya mtu mzima. Nilichukua maneno yake, nikauacha muhuri."

Meneja aliokota moja. Akasoma. Akaokota nyingine. Alisoma ile ya kisima cha shule, nikaona midomo yake inacheza. Akavua ile miwani mikubwa akaifuta kwa tai.

"Mama, hizi umeziandika lini?"

"Tarehe si hiyo hapo?" alisema Mama Muhuri.

Meneja alitazama saa yake. "Mpaka saa nane," akasema, akakaa kwenye kiti changu.

Nikasimama mbele ya meza ya Mama Muhuri nikamuuliza tena, leo kuna nini. Mara ya kwanza alisema ndefu. Meneja akakunja uso, na Mama Muhuri akamwona. "Huyo hajaelewa. Subirini." Akaanza upya. Mara ya tatu akataja "kesho", akajizuia mwenyewe kwa kiganja mdomoni, tukacheka sote kwa hofu, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ilipofika mara ya tano au ya sita, ilikuwa hivi:

"Tangi lilioshwa Alhamisi iliyopita, kazi ikaisha. Picha inayosema kesho maji hayatatoka ni ya zamani. Tumekosea, hatukuandika tarehe. Wa mlimani wamekaukiwa kwa sababu wa bondeni tunajaza ndoo. Leo Jumatatu tumieni ya kwenye ndoo, msifungue bomba mpaka jioni, wenzenu wapate."

"'Tumekosea,'" alisema meneja. "Mkurugenzi atakubali tuseme hivyo?"

Mama Muhuri alipekua rundo, akamtolea ile ya saa nne na saa kumi. "Nilishawahi kusema. Milango kumi na moja. Hakuna aliyenipiga."

Meneja aliichukua akapanda nayo ghorofani mwenyewe. Tulimsubiri tumesimama. Aliporudi alikuwa anahema.

"Amesema mgonge."

Akautoa muhuri mkobani. Vigurudumu vilikuwa vimesimama kwenye tarehe ya Ijumaa. Akavizungusha mpaka ya Jumatatu, akaugonga katikati ya karatasi nyeupe kwa uzito wa bega zima. Nikaiskani ile alama, wino wake na kasoro yake ya pembeni, nikaiweka juu kabisa ya taarifa, kubwa, kiasi kwamba huwezi kuituma picha bila kuituma tarehe. Chini yake nikaongeza saa. Kisha nikarudi kwenye ile ya Jumatano, nikaandika kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe: IMEKWISHA.

Ilitoka saa tano na robo. Sikutazama kile kinamba. Sikuweza. Mama Muhuri ndiye aliyekitazama, akikisoma kwa sauti kama mtu anayehesabu wageni wanaoingia: elfu tisa, elfu ishirini na mbili, elfu sitini. Maswali yakaanza kuja chini ya taarifa, na kila alipoyajibu, mimi nikichapa, alisimama. Nilimwambia hawamwoni. "Najua," akasema, na akaendelea kusimama.

Saa nane kasoro simu ikalia. Alikuwa fundi wa tangini, mtu wa sauti nzito, na Mama Muhuri akaibonyeza tusikie sote.

"Mama Muhuri, mmewafanya nini watu?"

"Kwani vipi?"

"Kipimo kinapanda. Kilikuwa mita moja. Sasa moja na nusu. Sijafungua pampu yoyote ya ziada mimi. Ni kama mji mzima umefunga bomba."

Fundi hakukata simu. Tulimsikia anapumua, tukasikia kitu kama ngazi ya chuma ikilia, kisha sauti yake ikaja kutoka mbali kidogo: "Moja na robo tatu." Nilifikiria sentensi zile tano zikiingia jikoni kwa watu nisiowajua, mkono mmoja ukiliacha bomba, kisha mwingine, kisha elfu, na mahali fulani mlimani maji yakipanda gizani ndani ya bomba bila mtu kuyaona. Mama yangu, nilikuja kujua baadaye, wakati huo alikuwa anafua mapazia ya nyumba nzima kwa maji ya kapu la nguo.

"Mita mbili," alisema fundi. "Mlimani wamepata."

Mama Muhuri aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu saa tano. Alitoa kitambaa cha wino akajifuta nacho macho, kikamwachia doa jeusi shavuni, na hakuna aliyemwambia.

Meneja alitoa ile barua mfukoni. Aliikunjua, akaitandaza juu ya meza, na nikaona jina la ile kampuni kwenye mstari wa kwanza. Akaigeuza. Kwa upande wa nyuma, kwa penseli aliyoazima kwenye kikombe cha Mama Muhuri, aliandika vipimo alivyovisoma fundi, na mbele ya kila kimoja, saa yake. Akamsogezea.

"Nigongee, mama."

Mama Muhuri alishika mpini. "Pande zote mbili?"

"Hapana," alisema meneja. "Wa nyuma tu."